Hadithi Iliyolipiwa kwa Pipi

Jioni ya Jumanne, Januari 1, 1963, kituo cha Fuji Television jijini Tokyo kilirusha sehemu ya kwanza ya katuni iitwayo Tetsuwan Atomu, ambayo nje ya Japani ilikuja kujulikana kama Astro Boy. Mhusika wake ni roboti mwenye umbo la mvulana. Aliyemtengeneza ni mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe katika ajali ya gari, akataka kumpata tena. Baada ya muda anagundua kuwa roboti haongezeki kimo. Anamkasirikia, kisha anamuuza kwenye sarakasi. Watoto wa Japani walikaa mbele ya televisheni wakamtazama mtoto mwenzao akiuzwa na baba yake, na wiki iliyofuata wakarudi kutazama tena. Walirudi kwa miaka minne, sehemu 193.

Siku ile Tanganyika ilikuwa jamhuri yenye umri wa wiki tatu. Haikuwa na televisheni, na Bara isingeipata kwa miaka 31 iliyofuata. Ulemo, kata ya wilaya ya Iramba mkoani Singida ninakotoka, iko karibu na barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega. Malori na mabasi yalipita kwetu kila siku, lakini picha zinazotembea zilichelewa sana kushuka pale, na ziliposhuka zilikuja pamoja na mngurumo wa jenereta.

Vijana wa rika langu wanaopenda anime huulizana kwa nini sisi hatuna za kwetu. Majibu ni yaleyale: hatuna teknolojia, hatuna vipaji, hatuna fedha. Jibu la vipaji nitalikataa huko mbele kwa majina ya watu. La teknolojia lina ukweli, ila ukweli wake umepungua sana tangu kompyuta zishuke bei. La fedha ndilo linalonivutia, lakini nadhani tumekuwa tukiliuliza vibaya. Tunauliza ni fedha kiasi gani. Historia ya katuni za Kijapani inafundisha kuuliza zimetoka mfukoni mwa nani, kwa sababu mhusika wa katuni hufanana na anayemlipia.

Tuanze kabla ya televisheni. Katika miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoporomoka na watu wengi wa mijini Japani wakakosa kazi, baadhi yao walinunua au kukodi baiskeli na kuingia katika kazi iliyoitwa kamishibai, yaani tamthilia ya karatasi. Nyuma ya baiskeli palikuwa na sanduku lenye fremu ya mbao. Msimulizi akifika mtaani aligonganisha vipande viwili vya mti, watoto wakakimbilia. Kabla ya hadithi aliuza pipi. Waliotoa sarafu walisimama mbele, wasio nayo wakachungulia kwa nyuma. Kisha alianza kuchomoa kadi zilizochorwa, moja baada ya nyingine, huku akisimulia kwa sauti za wahusika wote. Hadithi ilipofika mahali pa moto aliikata. Yaliyobaki, kesho.

Mmoja wa mashujaa wa kadi hizo aliitwa Ogon Bat. Alikuwa na fuvu badala ya uso, akavaa joho, akaruka angani kuokoa watu, miaka kadhaa kabla Marekani haijampata Superman. Mwingine alikuwa Kitaro, mtoto wa mizimu aliyezaliwa makaburini, ambaye baadaye alichorwa upya na Shigeru Mizuki, mchoraji aliyepoteza mkono wa kushoto vitani na aliyewahi kujipatia riziki kwa kuchora kadi hizo za baiskeli. Kitaro aliingia kwenye televisheni mwaka 1968. Hakuna mwalimu wala ofisa wa elimu ambaye angependekeza fuvu linaloruka au mtoto wa makaburini kuwa rafiki wa watoto. Walipendekezwa na pipi. Msimulizi aliyechosha watoto hakuuza, na asiyeuza hakula.

Televisheni ilipoanza Japani mwaka 1953, watu waliitania kwa kuiita kamishibai ya umeme. Utani huo ulikuwa na kweli kuliko walivyodhani, kwa kuwa hata biashara yake ilifuata njia ileile. Aliyefungua njia kwa upande wa katuni ni Osamu Tezuka, mtu aliyesomea udaktari wa binadamu na kuishia kuwa mchoraji wa manga. Hapa msomaji wa Kiswahili atatabasamu, maana kwetu Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Oman, na pilipili manga tunaijua jikoni. Kwa Wajapani manga ni hadithi za picha zinazochapishwa kwenye magazeti na vitabu. Tezuka alianza kumchora Atomu kwenye jarida la watoto mwaka 1952. Miaka kumi baadaye alikuwa na studio yake, Mushi Production, na alitaka kumpeleka televisheni kila wiki.

Tatizo lake lilikuwa la hesabu tu. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Studio za Disney zilizoea kuchora picha mpya kwa kila fremu moja au mbili, na filamu moja ya namna hiyo ilichukua miaka. Tezuka alikuwa na wiki. Kwa hiyo mchoro mmoja aliushikilia kwa fremu tatu, akabaki na michoro nane kwa sekunde, na mara nyingi hata hiyo nane hakuitumia. Mhusika alipoongea, uso ulitulia, mdomo peke yake ukafunguka na kufumba. Umati wa watu ukawa picha moja isiyosogea, kamera ndiyo ikasogea juu yake. Michoro ya Atomu akiruka ilitunzwa ghalani ikarudishwa wiki baada ya wiki. Hata hivyo gharama ilizidi malipo, kwa sababu Tezuka alikubali kukiuzia kituo kila sehemu chini ya kilichotumika kuitengeneza.

Nani basi alifidia? Mfadhili wa kipindi alikuwa Meiji, kampuni ya chokoleti, na stika za Atomu zilizotolewa na chokoleti zake zilifanya watoto wazigombanie. Sura ya Atomu ikauzwa pia kwenye midoli na vifaa vya shule, na katuni yenyewe ikauzwa Marekani mwaka huohuo wa 1963. Sarafu ya mtoto aliyewahi kusimama mbele ya baiskeli sasa ilipita dukani kwanza, lakini ilikuwa sarafu ileile.

Ubahili huo ndio ulioumba sura tunazozitambua leo kwa jicho moja. Kama mwili hausogei, uso lazima ufanye kazi yote, na katika uso jicho ndilo linalobeba zaidi. Macho makubwa Tezuka aliyapenda tangu mapema, akiyachukua kwa Disney na kwa waigizaji wanawake wa jukwaa la Takarazuka waliojipaka wanja mzito. Kwenye televisheni macho hayo yaligeuka kuwa kitendea kazi: chozi moja linalotetemeka lilitosha mahali ambapo Disney angechora mwili mzima ukilia. Sauti na muziki vilijaza pengo lililobaki. Anayetazama katuni ya Kijapani kwa mara ya kwanza hushangaa wapiganaji wanavyosimama na kuongea muda mrefu kabla ya kurushiana ngumi. Kusimama na kuongea ni rahisi kuchora.

Miaka ya baadaye Akira Toriyama alitoa mfano mzuri kuliko wote. Mhusika wake Goku wa Dragon Ball, ambaye mwanzo wake ni Sun Wukong, mfalme wa nyani katika hadithi ya kale ya China, alikuwa na nywele nyeusi. Kwenye manga, nywele nyeusi zilipaswa kujazwa wino, kazi iliyomla msaidizi wa Toriyama saa nyingi. Goku alipofikia daraja jipya la nguvu nywele zake zikasimama na kuachwa nyeupe bila wino, na kwenye televisheni zikawa za dhahabu. Mamilioni ya watoto waliamini wanaona nguvu za ajabu. Walikuwa wanaona mtu aliyechoka kupaka wino.

Manga yenyewe ilipata nidhamu yake kutoka kwa mtoto anayelipa. Jarida la Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, huambatana na postikadi ambayo msomaji anajaza hadithi alizozipenda wiki hiyo na kuirudisha. Hadithi isiyopigiwa kura hukatwa, hata kama mwandishi ana jina. Dragon Ball, One Piece na Naruto zote zilipita katika tundu hilo la sindano kabla ya kufika televisheni. Kwa hiyo tazama ni wahusika wa namna gani waliopita. Goku ni mlafi na hajui kuhesabu hatari. Luffy wa One Piece anataka kuwa mfalme wa maharamia. Naruto ni yatima aliyefungiwa ndani yake mnyama mbaya aliyeua watu wa kijiji, na kijiji kinamkwepa. Kwa kuwa hakuna anayemtazama, anapaka rangi nyuso za viongozi zilizochongwa mlimani ili angalau wamfokee. Nobita, katika Doraemon ya jarida jingine, ni mvivu, hupata sifuri, na paka wa roboti aliyetumwa kutoka karne ya 22 kumsaidia mara nyingi humharibia zaidi. Mtoto akiachiwa achague rafiki kwa fedha yake, huchagua mwenye kasoro kama zake.

Sasa turudi upande wetu katika miaka hiyohiyo.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini katika nchi ya wakulima, ikaweka nguvu kwenye redio. Zanzibar ilichukua njia yake, ikawa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara ilisikiliza. Watoto walikuwa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania, na sauti ya Debora Mwenda ilijenga majoka, wafalme na mabinti bila mchoro hata mmoja. Sidai kuwa uamuzi ule ulikuwa wa kijinga. Redio moja ilitosha ukoo mzima, na Ulemo isingepata chochote kutoka kituo cha Dar es Salaam chenye minara ya Dar es Salaam. Lakini kila uamuzi una gharama isiyoandikwa kwenye bajeti, na gharama ya huu inaonekana ukiwatazama wachoraji.

Mwaka 1946, katika nchi iliyotoka kushindwa vita, mwanamke kijana aitwaye Machiko Hasegawa alianza kuchora kwenye gazeti la Fukuoka vibonzo vya Sazae-san, mke wa nyumbani mwenye haraka na vituko. Mwaka 1969 Sazae-san aliingia televisheni, na mpaka leo yupo kila Jumapili jioni, hajazeeka, akiwa katuni iliyodumu televisheni kuliko zote duniani. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, gazeti la Uhuru la Dar es Salaam lilikuwa na Chakubanga, kibonzo cha Christian Gregory, kilichochekesha na kukosoa maisha ya kila siku ya enzi za Ujamaa. Watu wazima wa leo bado hutumia jina hilo. Gazeti lilikuwepo, mchoraji alikuwepo, mhusika aliyependwa alikuwepo. Ngazi ya juu yake, ambayo Sazae-san aliikanyaga mwaka 1969, ndiyo haikuwepo.

Miaka ya 1980 mfano ulikuwa mkubwa zaidi. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha jarida walilolipa jina kwa kuunganisha mwanzo wa majina yao: Sani. Humo mlikuwa na Ndumilakuwili, mhusika wa Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki kijana mwaka 1986. Mlikuwa na Lodi Lofa, na Pimbi, na Kipepe, na Madenge. Hebu yasikilize majina. Ndumilakuwili ni nyoka wa vichwa viwili, mtu wa kauli mbili. Lofa halihitaji maelezo. Hakuna hata mmoja ambaye wizara ingemtuma shuleni. Walinunuliwa kwa shilingi ya msomaji kwenye meza za magazeti na vituo vya mabasi, nakala moja ikazunguka mikono mingi hadi ikachanika. Hao walikuwa ndugu wa Nobita na Ogon Bat, waliozaliwa kwa uchumi uleule wa anayelipa ndiye anayecheka. Walikuwa na kila kitu walichokuwa nacho wahusika wa manga isipokuwa pa kwenda.

Karibu na mwisho wa 1994 Shonen Jump lilifikia kilele chake, nakala milioni 6.53 kwa toleo moja la wiki. Mwaka huohuo, baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi, ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Pale ambapo Japani ilikuwa na mashine ya miaka 30 ya kumtoa mhusika gazetini na kumfikisha sebuleni, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunafungua boksi la televisheni. Kituo kipya kinahitaji saa nyingi za vipindi, na katuni ya nje iliyokwisha kurudisha gharama kwao ni rahisi kuliko ya ndani ambayo haijachorwa. Ndumilakuwili angeshindana na wahusika waliofika wakiwa wamelipiwa tayari.

Waswahili wa ng'ambo walikutana na Wajapani hawa mapema zaidi. Katika miaka ya 1980 vituo vya Ghuba vilionyesha katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu. Future Boy Conan ya Hayao Miyazaki, iliyotoka 1978, iliitwa Adnan na Lina. Captain Tsubasa, mvulana anayekimbia na mpira hadi upeo wa dunia unapinda, aliitwa Kapteni Majid. Kwa hiyo mtoto wa Muscat aliyezungumza Kiswahili na bibi yake aliyetoka Zanzibar aliweza kumjua Majid wakati mtoto wa Iramba hajaona hata kioo cha televisheni. Manga ya Japani ilianzia kwetu huko Manga ya Waarabu.

Ulemo ilipata yake kwenye kibanda umiza. Ninachokikumbuka kilikuwa cha tofali za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya miti ambayo jina la kibanda linayaeleza vizuri. Tulilipa shilingi 100. Nyingi zilikuwa filamu za mapigano za Hong Kong na za kivita za Marekani. Mara mojamoja, mwenye kibanda akipata sidii mpya kutoka Singida mjini, tulimwona Goku. Lugha hatukuijua. Aliyeijua kidogo, au aliyejifanya kuijua, alisimulia kwa sauti, na kama alisimulia vizuri hakuna aliyemtaka anyamaze.

Kazi hiyo mijini ilikwishakuwa fani. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alipata umaarufu kwa kuzitia filamu za nje sauti ya Kiswahili, akitafsiri, akieleza, akiongeza chumvi, akimfanya mgeni aongee kama mtu wa Kariakoo. Wajapani walikuwa na mtu wa aina hiyo enzi za filamu zisizo na sauti. Aliitwa benshi. Alisimama kando ya pazia akazisemea midomo ya watu wote waliokuwamo, na baadhi ya watazamaji walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kutazama filamu. Filamu zenye sauti zilipofika miaka ya 1930 kazi yao ilikufa, lakini zoea lilibaki: kwamba sauti inaweza kuibeba picha iliyosimama. Bila zoea hilo katuni ya Tezuka yenye michoro michache ingeonekana imeharibika. Sisi zoea hilo tunalo. Tulilelewa na Debora Mwenda, tukamaliziwa na Lufufu. Hadhira iliyoandaliwa vizuri namna hiyo kwa katuni ya gharama ndogo si rahisi kuipata.

Na katuni za kwetu zimekuja. Mwaka 2010 Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa: sehemu 52 zilizohuishwa Nairobi katika studio ya Homeboyz, muziki wa Eric Wainaina, michoro yenye rangi na madoa ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyeuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Ni kazi nzuri kuitazama. Aliyeibuni na kuisimamia alikuwa Claudia Lloyd wa kampuni ya London, na walioinunua ni CBeebies ya BBC na Disney. Kwa hiyo tembo na chui wake huongea Kiingereza, na kila sehemu inamweleza mtoto wa mbali kwa nini mnyama wa Afrika ana mkonga au madoa.

Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kwenye TBC, safari hii kutoka Dar es Salaam kwa Kiswahili. Waanzilishi wake, akiwamo Nisha Ligon na Rajab Semtawa, walikuwa kikundi kidogo chenye kompyuta na ujasiri. Kiduchu, Koba na wenzao wanatatua mafumbo kwa hesabu na sayansi, wanaimba, na mtoto wa nyumbani aliweza kujibu swali kwa ujumbe wa simu ya kawaida, asihitaji intaneti. Baadaye akaja Akili wa Akili and Me, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro na akilala huenda kwenye nchi ya ndoto kujifunza herufi na namba pamoja na wanyama. Nimeona watoto wa Ulemo wakiimba nyimbo hizo njiani kwenda shule. Baada ya nusu karne ya kutazama watoto wa wengine, hilo si jambo dogo, na mtu asinisome hapa kama ninayelidharau.

Ila Ubongo ni taasisi isiyo ya faida, na kazi kama yake hutegemea ruzuku. Anayetoa ruzuku ana haki ya kuuliza mtoto amejifunza nini. Basi Akili lazima ajifunze. Anaweza kukosea dakika ya tatu, lakini dakika ya kumi atakuwa amejua. Hawezi kuwa Nobita, ambaye baada ya miaka 50 bado anapata sifuri. Hawezi kuuzwa na baba yake kwenye sarakasi. Hawezi kuwa Ndumilakuwili. Kati ya mnunuzi wa London anayetaka Afrika inayojieleza na mfadhili anayetaka Afrika inayofundishika, mtoto mwenyewe hajawahi kuulizwa kwa postikadi wala kwa sarafu.

Likizo iliyopita mpwa wangu wa darasa la sita alinionyesha daftari lake la mazoezi. Kurasa za nyuma alikuwa amechora hadithi ya picha. Shujaa ana nywele zilizosimama kama za Naruto na kitambaa kwenye paji la uso, lakini amevaa kaptula ya shule iliyotoboka nyuma, na adui yake ni mwenye mashine ya kukamua alizeti anayepunja watu mafuta. Shujaa naye si mtakatifu. Ukurasa wa pili anaiba mashudu. Nilimuuliza kama mwizi anaweza kuwa steringi. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, asipoiba hawatasoma." Daftari lilikuwa limezunguka darasa zima na jalada halikuwepo tena.

Nilichelea kumwambia kwamba Tezuka naye alianza hivyo, maana habari ya Tezuka haiishii vizuri. Mushi Production ilifilisika mwaka 1973. Bei ya chini aliyoikubali ikawa kipimo ambacho vituo viliwashikia wengine, na wachoraji wa ngazi ya chini Japani mpaka leo wanalipwa kidogo kwa saa nyingi huku wahusika wao wakitajirisha makampuni. Nobita kaletwa na sarafu ya mtoto, na mchoraji anayelala chini ya meza kaletwa na sarafu hiyohiyo. Anayetamani tupite njia yao aitamani yote.

Hata hivyo swali la mfuko linabaki, na siku hizi jibu lake linaonekana Misigiri, pale njia panda. Umeme upo. Kijana mwenye meza ya kuuza vocha anajaza memori kadi: sehemu 20 za Naruto, nyimbo juu yake, kwa bei ya soda. Wenye simu kubwa wananunua bando na kutazama wenyewe. Watoto wa Ulemo, kwa hiyo, wanalipia hadithi kila wiki, pengine kuliko sisi tulivyolipia kibanda. Shilingi yao inakwenda kwenye mtandao wa simu na kwenye meza ya kijana yule, na hakuna senti yake inayomfikia mtu yeyote anayechora, awe Tokyo au Dar es Salaam. Muuza pipi wa baiskeli alipeleka sehemu ya sarafu kwa mwenye kadi, na Sani ilipeleka sehemu ya shilingi kwa mwenye Ndumilakuwili. Kiungo hicho ndicho kilichokatika. Hakihitaji setilaiti kukirudisha: kinahitaji mtu atakayekaa kati ya daftari lile na meza ile, na kumlipa aliyechora kwa kila mtoto atakayeuliza nini kilitokea baada ya mashudu kuibwa.